Sasisho linalogoma kila mwezi: jibu kwa msomaji wa Ngamiani

Swali: Asalaam aleikum, mtaalamu. Nina stesheneri Ngamiani, hapa Tanga. Kompyuta mpakato ninayoitegemea niliinunua ikiwa imeshatumika. Ina Windows 11, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 128. Huu ni mwezi wa nne sasisho la Windows linagoma. Mwanzoni liliandika 0x80070070. Nikafuta filamu na video, sasa linapakuliwa mpaka mwisho, kompyuta inajizima na kujiwasha, inafika kama theluthi hivi, kisha inasema inatengua mabadiliko, na nikitazama naona 0x800f0922. Bando langu linaishia hapo kila mara. Fundi mmoja ameniambia nipige Windows upya, mwingine ameniambia nizime masasisho kabisa. Nimsikilize yupi? Na ile kompyuta yangu ya mezani yenye Windows 10, mbona siku hizi haileti sasisho lolote?

Jibu: Waalaikumu salaam, dada yangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, kwa sababu katika maelezo yako umeshaandika jambo ambalo wote wamelipita bila kulitazama, nalo ni kwamba namba ya kosa imebadilika. Namba inapobadilika, kizuizi cha kwanza kimeshaondoka na umefika kwenye cha pili. Kama ungepiga Windows upya wiki hii, ungelipia kazi ya kutwa nzima ilhali nusu ya tatizo ulishaitatua mwenyewe ulipofuta filamu.

Namba hizi hutisha kwa sura tu, lakini zina mpangilio wake. Zinazoanza na 0x8007 ni makosa ya kawaida ya Windows yote, wala si ya masasisho peke yake, na tarakimu nne za mwisho ndizo zinazosema kosa ni lipi: 0070 maana yake diski imejaa, 0002 maana yake faili halikupatikana, 0005 maana yake ruhusa imekataliwa. Zinazoanza na 0x8024 zinatoka kwenye huduma yenyewe ya masasisho. Zile za 0x80072E na 0x80072F ni za mtandao. Kwa mfano 0x80072EE2 ni kompyuta iliyosubiri jibu la seva mpaka ikachoka, na 0x80072F8F mara nyingi ni saa na tarehe ya kompyuta kuwa si sahihi, jambo linalozipata sana kompyuta za mezani za zamani ambazo betri yake ndogo ya ubao mama imekufa. Zinazoanza na 0x800F, kama yako, hutoka katika hatua ya usakinishaji, yaani mzigo umeshafika nyumbani salama na shida iko kwenye kuupanga.

Hatua hizo ni muhimu kuzitenganisha, kwa sababu dawa ya hatua moja haiponyi nyingine. Kompyuta kwanza hutafuta sasisho, kisha hulipakua, kisha huanza kulisakinisha ukiwa bado unafanya kazi zako, na mwisho hujiwasha upya ili kubadilisha yale mafaili ambayo hayawezi kuguswa wakati mfumo unatumika. Yako inakwama katika hatua hiyo ya mwisho. Kwa hiyo ile dawa inayotajwa kila mahali, ya kusimamisha huduma za masasisho na kubadilisha jina la folda ya SoftwareDistribution, sikushauri uianze. Inafaa pale upakuaji unapoharibika njiani. Kwako upakuaji umekamilika, na ukiifuta folda hiyo utakuwa umetupa mzigo ulioulipia kwa bando lako ili uulipie tena. Mafundi wengi huitoa kama wauza duka wanavyotoa panadoli, kila anayelalamika anapewa.

Sasa tuje kwenye 0x800f0922 yenyewe. Ina sababu mbili zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni kompyuta kushindwa kuwasiliana na seva za Microsoft, hasa mtu anapotumia VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine. Kama unayo, izime kabla ya kusasisha. Ya pili, ambayo kwa dalili ulizotaja ndiyo ninayoishuku, ni kukosekana kwa nafasi katika patisheni ndogo ya kuwashia mfumo.

Patisheni hiyo huioni unapofungua kompyuta yako, kwa kuwa Windows huificha kwa makusudi. Diski yako moja imegawanywa vipande: kipo kikubwa cha C ambamo mnakaa wewe, programu zako na kazi za wateja, kipo cha uokoaji, na kipo kimoja kidogo mwanzoni kiitwacho EFI, ambacho kwa usakinishaji wa kawaida wa Windows 10 na 11 hutengewa MB 100 tu. Humo hukaa mafaili ya mwanzo kabisa ambayo kompyuta huyasoma ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Masasisho ya mwezi mara nyingine huhitaji kuandika humo pia, na haja hiyo imeongezeka, kwa sababu vyeti vya usalama vya mwaka 2011 ambavyo kompyuta hutumia kuthibitisha mafaili hayo ya mwanzo vina ukomo unaoanza Juni 2026, na Microsoft imekuwa ikipeleka vya mwaka 2023 kuchukua nafasi yake. Kompyuta iliyopita mikononi mwa watu kabla yako huwa na mabaki humo: mtengenezaji ameweka mafaili yake ya kuhuisha BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta), mwenye nayo wa kwanza amejaribu Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, akaiondoa nusunusu. Ndiyo maana ulifuta GB nyingi za filamu kwenye C na bado kompyuta ikalia kwamba haina nafasi. Ulisafisha sebule ilhali kilichojaa ni kibanda cha mlinzi getini.

Kabla ya kugusa chochote, fanya mambo mawili. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje au flashi, zikiwemo fomu, barua za mfano na mitihani ya shule unazochapia. Kisha uangalie kama diski imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua Run as administrator, na katika dirisha jeusi litakalofunguka andika:

manage-bde -status C:

Jibu likionyesha kwamba ulinzi umewashwa, usiende mbele mpaka uwe na ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Kwa kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imetumika hili si dogo hata kidogo, kwa kuwa ufunguo huo huenda umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye nayo wa zamani, na siku kompyuta itakapouomba hutakuwa na wa kumpigia simu. Amri ifuatayo huuonyesha kwenye skrini, nawe uunakili kwenye daftari, si kwenye kompyuta hiyohiyo:

manage-bde -protectors -get C:

Baada ya hapo tuipime hiyo patisheni. Usitegemee programu ya Windows ya kusimamia diski, kwa sababu huonyesha patisheni ya EFI kuwa ni tupu kwa asilimia 100 hata ikiwa imejaa hadi mlangoni. Haiwezi kuisoma, na badala ya kukiri inajibu hivyo. Katika dirisha lilelile jeusi ipe patisheni hiyo herufi ya muda, kisha uisome:

mountvol S: /s
dir S:\

Mstari wa mwisho wa jibu hutaja idadi ya baiti zilizobaki. Milioni moja ni takriban MB moja, kwa hiyo ukiona tarakimu sita au saba tu, nafasi ni finyu na mshukiwa tumempata. Ukiona milioni arobaini au hamsini, mimi nimekosea katika dhana yangu. Ruka aya mbili zinazofuata.

Kinachoweza kuondolewa kwa usalama ni fonti za skrini ya kuwashia, ambazo kubwa zaidi ni za maandishi ya Kichina, Kijapani na Kikorea, na stesheneri ya Ngamiani haizihitaji kabla hata kompyuta haijawaka. Microsoft yenyewe imekuwa ikielekeza watu kuzifuta patisheni hii inapojaa. Andika hivi, na ikikuuliza kama una hakika, jibu Y:

del S:\EFI\Microsoft\Boot\Fonts\*.*

Ukimaliza, rudia ile amri ya dir uone nafasi imeongezeka kiasi gani, kisha iondoe ile herufi kwa kuandika mountvol S: /d, washa kompyuta upya na ujaribu sasisho. Usifute kitu kingine humo. Nasisitiza kwa sababu nimewahi kufanya kosa hilo mwenyewe: katika ofisi moja hapa mjini, nikiwa na haraka ya kuwahi daladala ya mwisho, nilifuta folda moja zaidi nikidhani ni mabaki, na kompyuta ya mhasibu haikuwaka tena jioni ile. Iliokolewa kwa flashi ya Windows na amri ya bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, ambayo huandika upya mafaili ya kuwashia, lakini nililala ofisini. Ukikuta folda yenye jina la mtengenezaji wa kompyuta na ina ukubwa wa makumi ya MB, inakiliwe kwanza kwenye flashi na iondolewe na fundi aliyekaa mbele ya kompyuta, si kwa maelekezo ya maandishi kama haya yangu.

Turudi sebuleni kidogo, maana C nayo bado inataka uangalizi. Diski ya GB 128 Windows huihesabu kuwa kama GB 119, si kwamba umeibiwa dukani bali mtengenezaji anahesabu kwa maelfu na Windows kwa 1,024. Humo mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa, na kwa biashara yako kuna mlaji mwingine ambaye wenye stesheneri wengi hawamfikirii: nyaraka za wateja zinazokuja kwa WhatsApp. Kila picha ya kitambulisho na kila PDF ya fomu ya maombi uliyoipakua ili uichape inabaki kwenye folda ya Downloads mpaka uifute, na humo pia mna taarifa za watu ambazo hazipaswi kukaa kwako mwaka mzima. Safisha folda hiyo kila Ijumaa. Ukiwa huitumii hali ya kulaza kompyuta inayohifadhi kazi kwenye diski (hibernate), andika powercfg /h off, nawe utarudishiwa takriban GB tatu katika kompyuta yenye RAM ya GB 8. Folda ya WinSxS utaiona ni kubwa mno. Usiifute kwa mkono kamwe, kwani ndiyo ghala la vipuri vya Windows. Ipunguze kwa amri yake:

dism /online /cleanup-image /startcomponentcleanup

Lenga kubakiza GB 20 zilizo wazi wakati wote, kwa sababu masasisho ya toleo jipya, yale yanayokuja mara moja kwa mwaka, ni mazito kuliko ya mwezi.

Ikiwa nafasi ipo pande zote mbili na bado sasisho linagoma, hapo ndipo tunalishuku lile ghala la vipuri kuwa limeharibika, jambo ambalo hutokea umeme unapokatika katikati ya usakinishaji au mtu anapozima kompyuta kwa kushikilia kitufe kwa sababu mteja amechoka kusubiri. Mara nyingi namba hubadilika ikawa 0x80073712 au 0x800F081F. Amri ni mbili na mpangilio wake una maana:

dism /online /cleanup-image /restorehealth
sfc /scannow

Ya kwanza hukarabati ghala, ya pili huchukua vipuri kutoka ghalani na kurekebisha mafaili yanayotumika. Wengi hutanguliza sfc, ikachukua vipuri vibovu kutoka ghala bovu, kisha wakasema amri hazisaidii. Ya kwanza huweza kusimama muda mrefu penye asilimia 62 ukadhani imekufa, iache. Ujue pia kwamba huchota vipuri kutoka mtandaoni, kwa hiyo uwe na bando la kutosha kabla ya kuanza, chaja iwe imechomekwa na betri iwe imejaa.

Kuna hali moja ambayo amri hizi haziwezi kitu, na kwa kompyuta za mtumba hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Baadhi ya wauzaji huweka Windows iliyopunguzwa, inayosifiwa kuwa ni nyepesi, ambayo aliyeitengeneza ameng'oa vipande asivyovipenda ili iende haraka kwenye mashine dhaifu. Sasisho la Microsoft linapofika hukuta kipande cha kurekebishwa hakipo, na haliwezi kukisakinisha kwa sababu ghalani nako kilishaondolewa. Dalili zake ni kama kukosekana kwa ulinzi wa Defender au kwa duka la programu la Microsoft. Ukizikuta hizo, yule fundi wako wa kwanza atakuwa na haki: piga Windows upya, ila iwe ya Microsoft yenyewe, na kazi zako ziwe zimenakiliwa kwanza.

Kama Windows yako ni kamili, iko njia ya katikati kabla ya kufika huko, nayo ni kuisakinisha Windows juu ya ile iliyopo, ukibakiza mafaili na programu zako. Faili la ISO, lenye Windows nzima ndani yake, hupakuliwa kutoka kwa Microsoft na lina zaidi ya GB 5, basi lipakue mahali penye Wi-Fi ya bei nafuu, mara moja tu, na ulibebe kwa flashi. Flashi nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi GB 4. Utaambiwa faili ni kubwa mno hata kama flashi ni ya GB 64. Ipangilie upya kwa exFAT. Ukilifungua faili hilo ndani ya Windows na kuendesha setup.exe, soma vizuri ukurasa wa kuchagua cha kubakiza: ikiwa chaguo la kubakiza programu haliwezi kubofywa, huenda lugha ya ISO hailingani na ya mfumo wako. Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani huhesabiwa ni lugha mbili, na kompyuta za mtumba zinazotoka Uingereza huwa na hicho cha kwanza. Amri ya dism /online /get-intl itakuambia uliyo nayo. Njia hii pia huandika kwenye ile patisheni ndogo ya EFI, na ndiyo sababu nimeanza na patisheni hiyo. Ukiiruka, usakinishaji huu mkubwa nao utakwama palepale.

Kuhusu yule aliyekushauri uzime masasisho kabisa, namwelewa, kwa sababu anaona bando lako linavyopotea. Lakini kompyuta yako inapokea flashi za watu kutoka Makorora mpaka Pongwe kutwa nzima, na hiyo ndiyo ya mwisho ninayoweza kuiacha bila marekebisho ya usalama. Badala ya kuyazima, yasimamishe kwa muda: mipangilio ya Windows Update inakuruhusu kuyaahirisha hadi wiki 5. Halafu itambulishe intaneti ya simu yako kwa Windows kuwa ni muunganisho unaopimwa (metered connection), ili isipakue mizigo mikubwa bila kukuuliza. Masasisho makuu ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira ya Marekani; mimi husubiri siku nne au tano, ili kama lina kasoro wagundue wengine kwanza, kisha nalipakua Jumapili asubuhi. Miezi mitatu uliyoikosa usiihesabu kuwa deni, kwani sasisho la karibuni hubeba ndani yake yale yaliyotangulia, na likikubali moja umemaliza.

Ile ya mezani haina ugonjwa. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa kompyuta za watu binafsi masasisho ya usalama ya ziada hutolewa hadi 13 Oktoba 2026 kwa wale tu waliojiandikisha, ambapo nafasi ya kujiandikisha huonekana katika ukurasa wa Windows Update ikiwa mfumo ni toleo la 22H2. Kuipandisha kuwa Windows 11 kunataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ya kompyuta, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8. Kama haina sifa hizo, iache iwe ya kuchapa na kutoa kopi, bila intaneti, na flashi ya mteja ipitie kwanza kwenye ile mpakato yenye ulinzi.

Ukishafanya haya na 0x800f0922 ikarudi, nitumie mambo matatu: ule mstari wa baiti zilizobaki kwenye S, jibu la mwisho la amri ya dism, na nafasi iliyobaki kwenye C. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu inatosha, ila funika ule ufunguo wa tarakimu 48.